Karatasi Haina Ukoo

Mume wangu Edouard Musonda ni wa ukoo wa Mamba, na mimi Chileshe ni wa ukoo wa Samaki. Anayejua mambo ya kwetu Luapula ameshacheka. Asiyejua nitamweleza mara moja, maana bila hilo kisa hiki hakiendi. Mamba humla samaki, kwa hiyo koo hizi mbili ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia jikoni kwako, anabeba sufuria na kilichomo, nawe unamsindikiza mlangoni. Siku ukifa, yeye ndiye anayelala kaburini mwako na kugoma kutoka, na ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wakumbuke kwamba bado wana meno. Tena sifa za mtani husemwa kichwa chini miguu juu. Mkarimu huitwa mwizi, shujaa huitwa mwoga, na kila msikilizaji hugeuza mwenyewe. Basi mimi nina haki ya kumtukana Edouard mara mbili, kwa ndoa na kwa ukoo, na haki hiyo sijawahi kuilaza njaa.

Miaka hiyo tulikaa Elisabethville, Kongo ya Wabelgiji, mtaa uitwao Kenya. Edouard alikuwa karani katika ghala la mizigo, mtu wa tai na uma mezani, évolué kama Wabelgiji walivyowaita Waafrika waliostaarabika, ingawa uma wenyewe ulikuwa mmoja na tulipeana zamu. Ugonjwa wa kuandika ulimpata kazini, nadhani kutokana na kunakili majina ya mizigo ya watu wengine. Mashairi hakuyataka, na ngano za sungura alisema ni za watoto. Alitaka kuandika mambo ya kweli, yaliyotokea kwa watu wenye majina, lakini yasomeke kwa utamu wa hadithi. Nikamwambia hayo ndiyo tunayofanya sisi wanawake kila asubuhi bombani. Akanijibu kwamba bombani hakuna mtindo.

Kuandika aliandika, lakini apeleke wapi? Duka la vitabu la mjini kati lilikuwa na magazeti mengi mlangoni, na pia lilikuwa na Mzungu mlangoni. Ndipo kaka yangu Mwape alipoingia katika fasihi.

Mwape aliuza samaki wakavu katika soko la Kenya, chini ya paa, jirani na mzani wa soko. Samaki wake aliwafunga kwa magazeti ya zamani ambayo maboyi wa mtaa wa Wazungu walimletea kwa mafungu. Magazeti yote ya Ubelgiji na ya Kongo yalikuwa na mwisho mmoja, nao ulikuwa pale kwa Mwape. Kila Jumamosi mume wangu alichuchumaa nyuma ya meza ya shemeji yake, tai imetupwa begani isichafuke, akibandua kurasa na kutafuta anwani za wahariri. Alirudi nyumbani akinuka kama mzigo wa samaki wa Kasenga, ananieleza gazeti gani linapokea visa, gani linapokea picha za harusi tu. Aliwahi kumwandikia mhariri wa gazeti la wafuga nyuki huko Liège, kwa sababu ndiyo anwani pekee ambayo haikuwa imelowa mafuta. Mhariri yule alijibu kwa heshima kubwa, akauliza kama tunao nyuki.

Kisa alichokuwa nacho kilimhusu Mwape mwenyewe. Nitakisimulia wima kwanza. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, daraja la njia ya Kasenga lilichukuliwa na maji, na lori la Mgiriki mmoja likazungukia Lukafu. Likakwama kwenye matope chini ya mlima, karibu juma zima. Mashamba ya watu wa Lukafu yalikuwa ng'ambo ya mto uliofurika, chakula hakuna. Ndani ya lori walikuwamo akina mama na watoto, alikuwamo Edouard akitoka likizo, na alikuwamo Mwape na mzigo wake wa kwanza wa samaki, mzigo aliotaka kuanzia maisha. Mwape aliufungua wote. Aliwalisha watu mpaka lori likatoka, akaingia mjini na vikapu vitupu, akaanza upya kwa kubeba samaki wa wengine. Yeye mwenyewe hakukizungumza kisa hicho hata siku moja.

Aliyekizungumza ni Edouard, na kama mtani alikizungumza kinyume. Kwenye kila arusi na kila kilio alisimama akamwonyesha Mwape kidole. Tazameni mwizi huyu, alisema, pale Lukafu aliwaibia abiria wenye njaa, akawala samaki peke yake gizani, sisi tukibaki kunusa pumzi yake. Tena mtu gani huyu wa Samaki anayewakausha ndugu zake na kuwauza sokoni? Watu walicheka mpaka wakashika nguzo, na kila aliyecheka alikuwa anajua kwamba Mwape ni mtu mkubwa. Ndivyo jina la kaka yangu lilivyoenea. Na muuza samaki hana kitu kingine, maana ndani ya samaki mkavu huoni. Unanunua jina la muuzaji.

Edouard alijaribu kwanza kukiandika wima. Kikatoka kama ripoti ya misheni kuhusu mgao wa unga, na yeye mwenyewe alipiga miayo akikisoma. Basi akakigeuza, akakiandika kama kinavyosemwa, na wizi na giza na pumzi vyote vimo. Alitusomea mezani siku ya Jumapili, mimi na Mwape. Mwape alicheka hadi machozi yakamdondokea kwenye ugali, akamwambia akipeleke upesi kabla hajafa. Mimi pia nilicheka. Sote watatu tulikuwa na akili zetu timamu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba karatasi haina ukoo.

Kwanza kilikwenda Léopoldville, kwenye gazeti moja la wastaarabu lililoitwa Flambeau. Walijibu kwamba kalamu ya bwana Musonda inatiririka, ila maendeleo yako wapi? Waliomba samaki wakavu wageuzwe kuwa sadini za kopo. Waliomba pia dereva, kama ni Mzungu, asiwe yeye aliyechagua njia. Edouard alikaa na barua hiyo siku kadhaa akijaribu kuingiza kopo Lukafu. Kopo halikuingia.

Kisha akapeleka kwenye gazeti la kampuni moja kubwa, lile wanalogawiwa wafanyakazi pamoja na sabuni. Hao walipenda lori. Walitaka kujua ni la aina gani, wakashauri kisa kimalizike kwa abiria kunawa mikono. Edouard alisema huo si mtindo. Nikamwambia basi amepata kitu ambacho hata bombani hatukikosi, kwa sababu sisi huko tunanawa.

Mara ya tatu alikuta kwenye karatasi ya Mwape, nusu yake imefunikwa na magamba, tangazo la gazeti la wamisheni liitwalo Taa ya Nyumbani. Walifungua mashindano ya Kisa cha Kweli. Masharti yalikuwa kwamba majina yawe ya kweli, mahali pawe pa kweli, na mwandishi aape kwamba hakutunga. Mhariri alikuwa padri mmoja mwenye ndevu nyekundu. Padri huyo aliupenda ukweli kama watu wanavyopenda mbwa, akiwa amefungwa. Edouard aliapa, akapeleka, akashinda.

Gazeti lilifika kwa posta na rozari ya zawadi ndani yake. Kisa kilikuwa ukurasa wa tatu, na jina la mume wangu lilichapwa kwa herufi nene. Juu yake waliandika: MWIZI WA LUKAFU ALIYETUBU. Maneno ya Edouard yalikuwamo yote, hawakupunguza hata pumzi, ila padri alikuwa ameongeza mwisho wake. Mwape, muuza samaki wa soko la Kenya, anaangukia magoti kwenye matope, anakiri mbele ya abiria aliowaibia, anabatizwa, na leo anajitahidi kupima kwa haki. Kaka yangu alibatizwa akiwa na meno mawili. Alikuwa akiimba besi kanisani tangu sauti yake ilipovunjika.

Edouard alisoma, akaketi, akasoma tena. Nilimwona akichukia na kufurahi kwa wakati mmoja, uso wake haukujua uelekee wapi. Kilichochapwa kilikuwa aibu, lakini jina lilikuwa limechapwa vizuri sana. Akaikata karatasi ile kwa wembe, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti upande wa moyo. Nilimchukia siku hiyo, na sikuwa natania.

Watu wa kwetu waliosoma walicheka kama kawaida, wakageuza wenyewe. Lakini soko la Kenya si la watu wa Luapula peke yao. Wako watu wa Kasai, wako watu wa Maniema, kila mmoja na watani wake, na mamba na samaki wetu hawawahusu. Mzee Sumaili, muuza chumvi aliyekaa meza ya pili miaka yote, alimuuliza Mwape kwa upole kama ni kweli, maana imeandikwa na mapadri. Wanawake waliokuwa wakipokea fungu bila kutazama wakaanza kuhesabu samaki baada yake. Kisha bwana wa soko, Mzungu aliyekuwa akisomewa magazeti na karani wake, akamwita. Hakumfukuza. Alimpongeza kwa kutubu, akamshika mkono, akamweleza kwamba si vizuri kumweka mtu wa namna hiyo karibu na mzani, kwa faida ya roho yake mwenyewe. Meza ya chini ya paa ikapewa mtu mwingine. Mwape akahamia kandokando ya njia kule Naviundu, akitandika gunia chini, na mvua ikija anafunika samaki na yeye mwenyewe analowa.

Na hakuweza kukasirika. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, na Mwape ni mtu wa sheria. Alipokutana na Edouard alicheka, kwa meno tu, akampa hongera ya kuandika. Ila hakuingia tena jikoni kwangu. Mtu aliyekuwa akinibebea sufuria kila Jumapili na kuirudisha tupu na matusi juu yake, sasa alibisha hodi, akaketi kwenye kiti, akasema ahsante. Sufuria zangu zikawa salama, nami nikalia.

Edouard alilia kwa kalamu. Alimwandikia padri kwamba kisa kilisemwa kwa utani, na maana yake ni kinyume. Padri akajibu kwamba unyenyekevu huo unampendeza Mungu, na kwamba wasomaji wanauliza kama Mwape amewahi kujaribiwa tena, ili kiwepo kisa cha pili. Akaandika tena, akaeleza koo zote mbili na mababu zake. Padri akajibu kwamba habari za ushirikina wa wenyeji zingefaa gazeti moja la wataalamu huko Ulaya, mradi vichekesho viondolewe. Flambeau nao aliwaandikia. Walikuwa tayari kumpa ukurasa mzima kama ataandika kwamba utani ni kizuizi cha maendeleo. Mume wangu aliyekuwa hapati hata gazeti moja, sasa yalimtaka yote, kila moja kwa uongo wake.

Nilimshauri aende Naviundu, asimame pale njiani, aseme kwa mdomo wake. Akasema mdomo hauwezi kushindana na chapa. Nikamwambia shida yake si chapa, shida yake anaogopa kumsifu mtani wake wima mbele za watu, kwa sababu Mamba anayemsifu Samaki wima amejivua nguo. Akajifanya anatafuta wino, kwa hiyo nikajua nimegonga penyewe.

Ndipo mama yake akafa. Mama Kasonde alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi kwenye chumvi, nami nilimpenda kuliko nilivyomwonyesha. Yeye ndiye aliyempa Edouard umamba wake, kwa kuwa kwetu ukoo hufuata mama. Kilio kilijaa uani kwetu, na wote walikuwa wakimngoja Mwape, maana ndiye Samaki mkubwa mjini. Kazi ya kumtukana marehemu ilikuwa yake, na kazi ya kulala kaburini ilikuwa yake. Kilio bila mtani ni kilio mpaka mwisho, hakina pa kupumzikia.

Mwape alifika mchana amevaa koti na viatu. Alivua kofia. Aliwapita watu bila kumpora mtu hata kikombe, akamfikia Edouard, akampa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Monsieur Edouard, niko na uchungu pamoja na weye. Mama alikuwa mama muzuri sana. Mungu amupokee."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, pamoja na makarani wa ghala na mzee Sumaili. Akina mama waliokuwa wakilia waliacha kulia wakatazamana. Alikuwa amesema maneno ambayo kila mtu husema kwenye kila kilio, na hakuna tusi lililowahi kutupiga vile. Alikuwa ametutoa katika watu wake, tena kwa adabu, bila kukasirika hata kidogo. Sheria haikuwa na neno la kumlaumu.

Hata makaburini alisimama nyuma. Jeneza lilipowekwa ukingoni, mkatekista alisubiri, wachimbaji walisubiri, na shimo lilikuwa wazi bila mtu wa kulizuia. Edouard alimwendea Mwape katikati ya watu, akasema kwa sauti niliyoisikia mpaka upande wa wanawake.

"Shemeki, tukana. Tukana mama, tukana na mie."

"Hapana, monsieur," Mwape alisema. "Mie njo mwizi mwenye kutubu. Mwenye kutubu hatukanake bantu tena."

Edouard alishika mfuko wake wa koti, ule wa upande wa moyo, akauachia. Kisha akawageukia watu. Walikuwapo wa Luapula, wa Kasai, wa Maniema, na Wazungu wawili wa ghala waliokuja na shada. Akasema wima.

"Sikilizeni bote. Ku Lukafu, kamyo ilikwama mu matope, na njala ilitushika. Uyu muntu alifungula samaki yake yote. Alibapatia bantu bote, hakuombaka kintu. Mie nilikulaka kupita bote. Kile niliandika, niliandika sawa munungwe, sawa mtani, na bale basiojua utani wetu balimufanya mwizi. Mwizi haiko. Ni muntu muzuri kupita mie."

Hakuongeza mtindo. Watu wa kwetu walitazama chini kwa haya, kama tumemwona mzee anaoga. Mzee Sumaili alivua kofia yake, akamtazama Mwape kwa muda mrefu, akaivaa tena. Mkatekista alifungua kitabu chake na kukifunga. Mwape hakusogea, akakwaruza ardhi kwa kiatu.

"Bongo," alisema hatimaye, yaani uongo.

Akamwonyesha Edouard kidole.

"Uyu Mamba iko na bongo ya kuzidi. Weye kukula samaki? Haukukulaka samaki, weye. Ulikulaka na kamba yenye kubafungia. Tangu ule mwaka niko natafuta kamba yangu."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga kigelegele. Mwape alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alipita katikati ya makarani, akampora mmoja kofia, akaruka shimoni na koti lake zuri, akalala chali kwenye udongo mwekundu. Alipaza sauti kutoka chini kwamba Mama Kasonde hakufa, anajilalisha tu, ameona wageni ni wengi na hapendi kupika. Watu walicheka, wakalia, na mimi sikujua ninafanya lipi. Edouard alikuwa amepiga magoti ukingoni, anacheka mdomo wazi na machozi yanaingia humo humo.

Wakamwambia atoke. Akagoma, kama inavyotakiwa, akadai malipo. Wakamtupia leso, akaitupa nje. Wakampa chupa ya pombe, akaipokea lakini hakutoka. Akanyoosha mkono kuelekea koti la Edouard, upande wa moyo, akasema anataka ile karatasi. Edouard aliitoa. Alitazama jina lake mara moja, nilimwona, mwanamume huyo hatapona hapa duniani, kisha akaishusha shimoni. Mwape akaitia mfukoni na kupanda juu, nasi tukamzika Mama Kasonde.

Meza ya chini ya paa haikurudi. Bwana wa soko hakuwa kwenye mazishi, na kama angekuwapo asingegeuza uamuzi wake. Lakini mzee Sumaili alianza kwenda Naviundu kwa miguu kununua samaki wake, akipita meza ya yule mwingine bila kuitazama, na watu wa Maniema wakamfuata. Edouard bado anaandika. Kisa hiki nacho anakitaka, nami nimemwambia kwanza anitajie gazeti la ukoo wa Samaki.

Jumapili baada ya kilio sikupika mapema, nilijua sababu yangu. Mwape aliingia bila hodi, akafunua sufuria yangu, akasema napika kama mamba, akaibeba yote. Mezani aliacha samaki wawili wakubwa wa ziwa Mweru kama kawaida yake, wamefungwa. Nilipofungua niliona herufi nene za jina la mume wangu, na mafuta yalikuwa yameanza kuzila kuanzia upande wa Edouard. Nilikunja karatasi, nikawashia mkaa, nikawapika.